Nimewatumikia wakimbizi wenzangu miaka tisa: je, naweza kugombea ubunge wa jimbo?

*"Nilizaliwa Uvira, nikakulia kambi ya Nyarugusu kule Kasulu, na mwaka 2016 tukaletwa Marekani. Tunaishi Lewiston, jimbo la Maine. Nilikula kiapo cha uraia Mei 2023. Tangu tufike nimekuwa nikijitolea: natafsiri hospitalini, najaza fomu za watu, napeleka wazee kliniki, na sasa naongoza shirika letu dogo la jumuiya. Mchungaji na wazee wananisukuma nigombee ubunge wa jimbo mwaka 2026. Wapo wanaosema aliyezaliwa nje haruhusiwi, wengine wanasema bila pesa nyingi nisijisumbue. Ndugu zangu wa Kigoma na Dar es Salaam wameshafungua kundi la WhatsApp la kunichangia. Kiingereza changu kinaeleweka ila lafudhi ni ya kwetu. Nina watoto watatu na nafanya kazi usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Nifanye nini?"*

Dada yangu, kabla ya jambo lingine lolote, waandikie ndugu zako leo wasimamishe michango. Usisubiri kumaliza kusoma jibu hili.

Najua hilo linauma. Kwetu mtu akipata jambo, iwe harusi, msiba au safari ya masomo, ukoo unachanga, na kukataa mchango ni kama kumkataa aliyeutoa. Lakini sheria ya serikali kuu ya Marekani inakataza mtu asiye raia na asiye na grini kadi, yaani kibali cha kuishi nchini kwa kudumu, kutoa pesa kwenye uchaguzi wowote wa nchi hii, kuanzia diwani wa kata hadi Rais. Kosa si la mtoaji tu, kwani hata wewe kuomba au kupokea kumekatazwa. Kwa hiyo shangazi wa Kigoma akikutumia shilingi elfu kumi kwa moyo mweupe, tayari amekuingiza matatani. Nimewahi kukaa jikoni kwa mgombea mmoja hadi usiku wa manane, simu iko mezani, tunapitia ujumbe wa M-Pesa mmoja baada ya mwingine na kuandika kwenye daftari nani arudishiwe kiasi gani. Pesa zenyewe zilikuwa kidogo. Aibu ya kuwapigia wakubwa zake na kuwarudishia ndiyo iliyomwelemea.

Jirani yako wa Lewiston mwenye grini kadi anaruhusiwa kuchangia. Raia wa Marekani anayeishi Dar es Salaam naye anaruhusiwa. Ndugu zako wengine wakuombee, wakutie moyo, na kundi lile libaki la salamu.

Sasa niingie kwenye swali lako. Anayekuambia aliyezaliwa nje haruhusiwi amechanganya mambo. Katiba ya Marekani inadai uraia wa kuzaliwa kwa Rais na Makamu wake tu. Kwa Bunge la Wawakilishi la taifa, lile la Washington, inataka umri wa miaka 25 na miaka 7 ya uraia, na kwa Seneti miaka 30 na miaka 9 ya uraia. Bunge la jimbo halimo kwenye hesabu hiyo. Kila jimbo lina katiba yake na masharti yake, na hapa ndipo watu wengi wa kwetu wanapojikwaa, kwa sababu wanasikia habari za mwenzao wa jimbo jingine wakadhani njia ni ileile.

Mfano ni Zohran Mamdani, mzaliwa wa Kampala. Aliletwa New York akiwa na miaka saba, akaja kufanya kazi ya ushauri wa makazi Queens, akisaidia familia zilizokuwa karibu kupoteza nyumba zao. Alipata uraia mwaka 2018. Mwaka 2020 aligombea bunge la jimbo la New York na kumshinda mbunge aliyekuwa madarakani kwa tofauti ya kura zisizofika 500, na mwaka 2025 akachaguliwa meya wa jiji. Yaani miaka miwili tu baada ya kiapo alikuwa ameshachaguliwa mbunge. New York wanaangalia kama wewe ni raia na umeishi jimboni miaka mitano. Hawakuulizi uraia wako una umri gani.

Maine wanauliza. Katiba ya Maine inasema mbunge wa Bunge la Wawakilishi la jimbo awe ametimiza miaka 21, awe ameishi jimboni mwaka mmoja, awe mkazi wa eneo lake la uchaguzi kwa miezi mitatu kabla ya kura, na awe raia wa Marekani kwa miaka mitano siku kipindi cha ubunge kinapoanza. Wewe ulikula kiapo Mei 2023. Wabunge watakaochaguliwa Novemba 2026 wanaanza kazi Desemba mwaka huohuo, na wakati huo utakuwa na miaka mitatu na nusu ya uraia. Mlango wa 2026 umefungwa, dada, na hakuna mzee wa jumuiya wala mchungaji anayeweza kuufungua. Uchaguzi wa Novemba 2028 utakukuta umetimiza miaka mitano na miezi kadhaa. Huo ndio mwaka wako wa kwanza.

Hilo lisikuvunje moyo. Nimewaona waliosukumwa na jumuiya wakaingia mapema mno, wakashindwa, na jumuiya ileile ikawakimbia. Muda ulioupata una kazi ya kufanya ndani yake, na kazi hiyo ndiyo ninayotaka tuizungumze kwa kirefu.

Wewe unaamini, na wanaokusukuma wanaamini, kwamba miaka tisa ya huduma ni miaka tisa ya kura. Sivyo. Hebu chukua karatasi uandike majina ya watu thelathini uliowasaidia mwaka huu: yule mama uliyemtafsiria leba, yule kijana uliyemjazia fomu ya bima, wale wazee wa kliniki. Mbele ya kila jina jiulize mambo mawili: ni raia? anaishi ndani ya eneo langu la uchaguzi? Usishangae majina ya kubaki yakiwa sita au saba. Wengi wanaohitaji huduma yako wanaihitaji kwa sababu ni wageni bado, na mgeni hapigi kura. Huduma imekupa heshima na imekufundisha serikali inavyomkwamisha mtu wa kawaida, na hayo ni mali kubwa. Lakini kura ziko kwa majirani ambao hawajawahi kukuhitaji, ambao wanakupita dukani kila wiki na hawajui jina lako.

Watu wa kwetu hupenda kumtaja Ilhan Omar kama ushahidi kwamba jamii ikiungana inamwingiza mtu wake. Alikimbia vita Somalia, akaishi kambini Kenya, na mwaka 2016 akachaguliwa bunge la jimbo la Minnesota. Wanachosahau ni kwamba kwenye kura za mchujo za mwaka ule, zile za kumpata mgombea wa chama, alipambana na Phyllis Kahn, aliyekuwa bungeni tangu miaka ya 1970, na pia na Msomali mwenzake, Mohamud Noor. Wasomali walikuwa wawili kwenye karatasi moja ya kura, kwa hiyo hakuna aliyeweza kutegemea kura za nyumbani peke yake. Eneo lile lina chuo kikuu na wanafunzi wengi, na ilibidi kura zitafutwe huko pia.

Karibu na kwako yupo Deqa Dhalac, mzaliwa wa Somalia, mtu wa kazi za ustawi wa jamii kama wewe. Hakuanzia bunge la jimbo. Mwaka 2018 alichaguliwa diwani wa South Portland, Desemba 2021 madiwani wenzake wakamfanya meya, na mwaka 2022 akaingia Bunge la Wawakilishi la Maine. Mwaka huohuo Mana Abdi akachaguliwa kutoka hapohapo Lewiston. Hao wawili ndio Wamarekani wa kwanza wenye asili ya Somalia kuingia bunge la jimbo lenu. Ungekuwa mdogo wangu ningekuambia ujifunze zaidi kwa Dhalac kuliko kwa Ilhan Omar, kwa sababu miaka yake ya udiwani ilimfanya ajulikane kwa mambo ya wote, barabara, bajeti, kodi za nyumba, na si mambo ya wahamiaji tu.

Nikueleze jinsi mfumo wenyewe unavyofanya kazi, maana ni tofauti na tulikotoka. Kwetu chama ndicho kinachokupa tiketi, na ukikosa baraka za wakubwa umekwisha. Hapa chama hakiwezi kukuzuia. Maine anayetaka kugombea Bunge la Wawakilishi kupitia chama anakusanya saini za wapiga kura waliojiandikisha katika chama hicho ndani ya eneo lake, zisizopungua 25, kati ya Januari 1 na Machi 15, kisha anakutana na wenzake kwenye mchujo wa Juni. Bunge hilo lina wabunge 151, kila mmoja akiwakilisha watu kama 9,000. Linganisha na California, ambako mbunge mmoja wa bunge la chini anawakilisha karibu watu nusu milioni. Huko unahitaji matangazo ya televisheni. Kwenu unahitaji viatu imara. Na kwa kuwa maeneo mengi yameshaegemea chama kimoja, mara nyingi mshindi wa mchujo wa Juni ndiye mbunge, na wanaojitokeza Juni ni wachache. Kura mia chache zinaamua.

Saini 25 zinaonekana mchezo. Sikiliza jinsi zinavyoharibika. Ni Jumapili ya Februari, ibada imekwisha, karatasi iko mezani karibu na chai na mandazi, na kila mtu anataka kukuunga mkono. Mama mmoja anasaini; anaishi Auburn, ng'ambo ya mto, nje ya eneo lako. Mzee mwingine anamsainia mkewe aliyebaki nyumbani na homa. Kijana anasaini kwa furaha, naye ana grini kadi, si raia. Karani wa mji atazikata zote, na hilo ni dogo. Kubwa ni yule kijana. Mtu asiye raia akijiandikisha kupiga kura, au akijitambulisha kama raia popote kwenye makaratasi ya uchaguzi, anaweza kunyimwa uraia baadaye na hata kufukuzwa nchini. Fomu ya kuomba uraia inamuuliza waziwazi kama amewahi kujiandikisha au kupiga kura. Furaha ya kampeni yako isije ikamponza mtoto wa mtu. Mweke mlangoni mtu mmoja asiyeogopa kuonekana mkali, amuulize kila anayekuja kama ni raia na anaishi mtaa gani, kabla hajamkabidhi kalamu.

Shirika lako nalo liangalie. Ikiwa limesajiliwa kama shirika la hisani lisilotozwa kodi, tangu mwaka 1954 sheria ya kodi inalikataza kumuunga mkono au kumpinga mgombea yeyote. Ofisi, gari, ukurasa wa Facebook na, hasa hasa, orodha ya namba za simu za wateja ni mali ya shirika, si yako. Hapa ndipo viongozi wengi wa jumuiya wanapoteleza bila kukusudia, kwa kuwa kwenye shirika dogo simu ya kiongozi ndiyo simu ya shirika. Siku utakayotangaza nia, uwe umeshamkabidhi mwingine uongozi wa kila siku na una namba nyingine ya simu. Wapo watakaokushauri ubaki na cheo ili ujulikane. Mimi siafiki. Waliokuja kwako na siri za afya zao na makaratasi yao hawakuja kuwa mtaji wa kampeni.

Kuhusu pesa, kwa Maine nina habari njema. Jimbo lenu lina mfuko wa umma wa kugharamia wagombea. Anayegombea Bunge la Wawakilishi akipata wapiga kura 60 wa eneo lake wanaotoa dola 5 kila mmoja, na akatimiza taratibu, mfuko unamlipia kampeni na hakusanyi tena michango ya kawaida. Watu sitini, dola tano tano. Basi asiye na pesa asikubali kutishwa. Tena kule kuwatafuta hao sitini ni kipimo. Ukiwapata kwa wiki tatu kwa kugonga milango, ujue una kampeni. Ukikwama kwenye ishirini, na wote ni wa kanisani kwako, umeambiwa jambo mapema na kwa gharama ndogo.

Pesa inayonitia wasiwasi ni ya nyumbani kwako. Ubunge wa jimbo sehemu nyingi si ajira ya kulisha familia. New Hampshire jirani yenu wanalipa wabunge dola 100 kwa mwaka, na Texas, jimbo lile kubwa, dola 7,200. Maine wanalipa zaidi ya hapo, lakini ni kazi ya msimu: kikao cha kwanza kinaenda hadi Juni, cha pili kinaishia Aprili, na katikati ya msimu unatakiwa Augusta, makao makuu ya jimbo, mchana siku nyingi za wiki. Wewe unalala mchana kwa sababu unafanya kazi usiku. Kaa na mwenzio na watoto, mhesabu saa kwa saa nani atakuwa wapi. Zungumza pia na mwajiri kuhusu likizo na zamu. Mazungumzo haya ni magumu kuliko hotuba yoyote, na wagombea wengi wanawake niliowaona wakiacha njiani waliachia hapo.

Lafudhi? Sema taratibu, malizia maneno, na usiombe radhi kabla ya kuongea. Jambo hilo tu. Ila nikuulize: kama ulisoma shule za Nyarugusu zilizofuata mtaala wa Kongo, bila shaka una Kifaransa. Lewiston ni mji uliojengwa na Wakanada wa Quebec waliokuja kwenye viwanda vya nguo, na wapo wazee ambao hadi leo wanasali kwa Kifaransa. Huenda unawageuza kitandani usiku baadhi yao. Usifanye kampeni kazini hata kidogo, kwa kuwa mgonjwa hana pa kukukimbia. Lakini mtaani, mlango ukifunguliwa na bibi wa miaka themanini ukamsalimu "Bonsoir, madame", mtaongea kama watu wawili ambao familia zao zilifika mji huu kutafuta kazi.

Nikuambie pia na upande usiopendeza. Safiya Khalid alichaguliwa diwani wa Lewiston mwaka 2019 akiwa na miaka 23, na wakati wa kampeni alitukanwa na kushambuliwa mitandaoni vibaya sana, mengi na watu ambao hawajawahi kukanyaga Maine. Wewe una watoto. Amueni mapema picha zao zitaonekana au hapana, na nani atakuwa anasoma ujumbe kwa niaba yako siku ambazo huwezi.

Basi una njia gani? Kwa mwaka 2026 jitolee kwenye kampeni ya mgombea mwingine wa eneo lenu, ugonge milango kwa jina lake na ujifunze kukataliwa bila kuumia. Novemba 2027 kuna uchaguzi wa mji wa Lewiston, wa udiwani na kamati ya shule. Masharti yake yamo kwenye katiba ya mji, na karani wa mji atakuonyesha. Kuna ugumu hapo: ukichaguliwa 2027 kisha ukatangaza ubunge miezi miwili baadaye, wapiga kura wa kata watauliza kama uliwatumia kama ngazi, na watakuwa na haki ya kuuliza. Ningekuwa wewe ningechagua kimoja. Kamati ya shule na watoto watatu vinaendana vizuri, na ubunge utakuwepo 2030 pia. Lakini kama kinachokukera hasa ni mambo yanayoamuliwa Augusta, kama malipo ya wakalimani wa hospitali na leseni za wauguzi waliosomea nje, basi subiri 2028 moja kwa moja.

Kuna mambo mawili usiyamalize kwa kusoma jibu la mtu kama mimi. Kama kwenye faili lako la ukimbizi kuna kitu kisicholingana, tarehe ya kuzaliwa iliyoandikwa Januari 1 kwa kukisia, jina lililobadilika kambini, mtoto wa ndugu aliyeandikwa kama wako, nenda kaonane na wakili wa uhamiaji ana kwa ana, ukiwa na nakala za faili zote, kabla hujatangaza chochote. Wapinzani huchimba, na uraia uliopatikana kwa maelezo yasiyo ya kweli unaweza kupingwa mahakamani. Mara nyingi jambo lina maelezo mazuri na wakili atakutuliza, lakini alisikie yeye kwanza. La pili, maswali ya pesa na saini yapeleke kwa tume ya maadili na uchaguzi ya jimbo, iliyoko Augusta, na kwa ofisi ya Katibu wa Jimbo. Kujibu wagombea ni kazi yao. Omba jibu kwa maandishi.

Na usingoje 2028 kuingia jengo lile. Maine kila muswada unafanyiwa kikao cha wazi, na mwananchi yeyote anaweza kwenda kutoa maoni mbele ya kamati. Lewiston hadi Augusta ni maili kama 30. Tafuta muswada mmoja unaohusu jambo unalolijua kwa mikono yako, panga siku ambayo huna zamu, andika ukurasa mmoja, uusome kwa sauti jikoni mpaka uingie kwenye dakika tatu. Ukifika unajiandikisha, unakaa, unaitwa. Unaanza kwa kutaja jina lako na mji unakoishi, kisha unawasimulia yule mama uliyemtafsiria leba, bila kumtaja jina.